Wastani uleule, picha nne
Mnaofundisha takwimu chuoni, jaribuni hii. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne za data, kila moja ina nukta 11. Wastani wa x ni 9 kote, wa y ni 7.5, na mstari wa regresheni (ule unaozikaribia nukta zote kadiri inavyowezekana) ni uleule: y = 3 + 0.5x. Wanafunzi wangu walikokotoa, wakaridhika kwamba data ni zilezile.

Nikafungua GeoGebra, programu ya kuchora grafu, kwenye projekta. Seti ya kwanza imetawanyika kawaida, ya pili imepinda kama upinde, ya tatu imenyooka ila nukta moja imeruka juu. Ya nne ndiyo kituko: nukta 10 zimejipanga wima kwenye x = 8, moja iko peke yake kule 19. Nikaishika hiyo moja, nikaiburuta chini. Mstari mzima ukaifuata! Darasa likalipuka.

Binti mmoja anayekaa nyuma, ambaye kwa kawaida haulizi, akasema: "Mwalimu, tukiifuta kabisa je?" Swali tamu hilo. X zote zinabaki 8, na fomula ya mteremko inagawanya kwa sifuri.

Programu yenyewe ni ya bure, na ukishaipakua haili bando. Fomula bado nazifundisha ubaoni, maana chumba cha mtihani hakina projekta.