Nimerudi Amu, na bei za dukani si amri ya Mungu

Tangu nirudi Amu, mji wetu wa Lamu, swali ni lile lile, liwe la mtu wa mtaa wa Mkomani au wa Langoni, la mzee wa barazani au la msichana niliyemwacha akienda madrasa na leo ana watoto wake: "Mbona umerudi wakati huu, na maisha yamekuwa magumu hivi?" Naandika nimjibu kila mtu mara moja, kwa sababu jibu langu refu kidogo, na kwa sababu ndani ya swali hilo kuna jambo linaloniuma. Twazungumza ugumu wa maisha kama tunavyozungumza kusi na kaskazi: umeingia wenyewe, utaondoka wenyewe, binadamu hana mkono humo.

Nilikuwa Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro. Niliolewa Moroni, nikasomesha Kiingereza huko, nikazaa huko. Kwa mtu wa Amu hapo si ugenini wa kutisha. Watu wetu na wao wameendeana kwa majahazi tangu enzi za mababu, na Habib Swaleh aliyeanzisha msikiti na chuo chetu cha Riyadha asili yake ni huko huko Ngazija. Nimerudi kwa kuwa mama amezeeka na anahitaji mtu wa karibu. Jibu fupi ndilo hilo.

Jibu refu linaanzia dukani. Mama alinituma sukari kama alivyokuwa akinituma nikiwa mdogo, kwenye duka lile lile la kichochoroni, ila sasa anayeuza ni mtoto wa mwenye duka. Mbele yangu alisimama mtoto wa miaka saba au minane, mkononi ana chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa ikang'aa. Alitaka mafuta ya shilingi ishirini. Yule kijana akateka kutoka kwenye jerikeni la manjano kwa kikombe kidogo cha bati, akamimina taratibu asimwage tone. Mtoto akaiinua chupa kwenye mwanga, akatazama mafuta yalipofika, akaangalia uso wa muuzaji. Hakusema neno. Alifunga kifuniko, akatoka. Nyumba anayotoka naijua. Nilipokuwa nikiondoka Amu, watu wa nyumba ile walinunua mafuta kwa debe.

Nilimuuliza kijana wa duka bei zimefikaje hapa. Akanieleza vizuri kuliko mchumi yeyote wa redioni. Shehena inapakiwa Mombasa, inapita Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe, gati la upande wa bara. Pale inashushwa, inapakiwa botini, inavuka hadi gatini kwetu, inabebwa na hamali, kisha mkokoteni au punda mpaka mlangoni. Kila hatua ina mafuta yake na mkono wake, na kila mkono lazima ule. Kwa hiyo petroli na dizeli zikiguswa Nairobi, sisi wa kisiwani twaguswa mara nyingi kuliko mtu wa bara ambaye lori linamshushia mzigo mlangoni. Mwaka 2023 Sheria ya Fedha ilipandisha ushuru wa VAT kwenye mafuta ya magari kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Baadaye shilingi ilipata nguvu ikarudi karibu na 130, lakini bei za kikombe kile cha bati hazikurudi zilikotoka.

Nikafika nyumbani na sukari yangu, nikamsimulia mama. Akaniambia, "Ni amri ya Mngu, mwanangu. Mtele umepanda, mafuta yamepanda, na twapata. Tushukuru."

Nashukuru. Lakini maneno hayo niliyasikia miaka na miaka upande wa pili wa bahari, na nimeona yanakompeleka mtu.

Komoro ilipata uhuru 1975, visiwa vitatu kati ya vinne, Maore (Mayotte) ikabaki kwa Wafaransa. Ni nchi ndogo ya watu wasiofika milioni moja, na chakula chao kingi kinaletwa na meli. Mchele wa kawaida, ule wa mtu wa chini, huagizwa na shirika la serikali. Mabawa ya kuku, kitoweo cha kila nyumba Moroni, yanatoka ng'ambo yakiwa barafu. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022 bei zikapanda duniani kote, na sisi tuliijua foleni ya mchele. Jirani yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, msomi wa Kurani. Mshahara wake ukichelewa, na ulikuwa ukichelewa, mkewe alikwenda dukani na daftari. Muuzaji aliandika, yeye akaweka alama yake, akaondoka na kilo mbili. Mwisho wa mwezi mshahara wote ulilipa daftari, na daftari jipya likaanza siku ile ile. Mtoto wao mkubwa hakuwa na wazo jingine ila kwenda kisiwa cha Nzwani apande kwassa, yale mashua madogo yanayovusha watu usiku kwenda Maore tangu Wafaransa walipoweka viza mwaka 1995. Baharini pale wamekufa watu wengi sana. Baba yake alikuwa akisema, "Ndivyo Mungu alivyoandika."

Sasa nisikilizeni. Mwaka 2008 nchi ile ile ilipitisha sheria ya kuuza uraia. Mpango ulikuwa kwamba watu wasio na utaifa walioko Kuwait na Falme za Kiarabu wapewe pasipoti za Komoro, na kwa malipo yake Komoro ipate fedha za kujenga barabara, bandari, umeme. Pasipoti zilitoka kwa maelfu. Mamilioni ya dola yaliingia kwenye mazungumzo ya watu, hazina ya nchi ikaona sehemu tu. Rais wa wakati ule, Ahmed Abdallah Sambi, alizuiliwa tangu 2018, na Novemba 2022 mahakama ikamhukumu kifungo cha maisha kwa uhaini mkubwa kuhusu pasipoti hizo. Mwenyewe alikana, na wafuasi wake wanasema ni kesi ya siasa, ya kumwondolea mpinzani Rais Azali Assoumani. Mimi si hakimu. Ninachokijua ni kwamba nguzo za umeme zilikuwepo na umeme haukuwepo.

Fuateni umeme huo mpaka sokoni. Mwenye friji la mabawa pale Volo-Volo umeme ukikatika hana la kufanya ila kuwasha jenereta. Jenereta inakunywa dizeli. Dizeli ile hailipi yeye, anaiweka juu ya bei ya mabawa. Mke wa mwalimu, ambaye hajawahi kuiona pasipoti moja iliyouzwa wala mtu aliyeiuza, ndiye aliyekuwa akiilipia, kilo kwa kilo, kwenye daftari la deni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wizi wa juu na bei ya chini ni jambo moja. Tunayatenga, hili ni la siasa, hili ni la jikoni, na anayefaidika na utengano huo ni mwizi.

Na siasa yenyewe ilikuwa ikisonga mbele bila mwalimu. Azali, aliyekwisha kutawala tangu 1999 hadi 2006 kisha akarudi 2016, alitangazwa mshindi tena Januari 2024. Wapinzani wakakataa matokeo, vijana wakachoma matairi Moroni, amri ya kutotoka nje ikawekwa. Mwaka ule ule mwanawe akafanywa katibu mkuu wa serikali. Mtu wa kawaida alikuwa akingoja hawala kutoka kwa ndugu zake walioko Ufaransa, na bila hawala hiyo sijui nyumba ngapi zingepika.

Sisemi Kenya ni Komoro, wala Amu ni Moroni. Kila mahali pana historia yake. Lakini ndio maana nikisikia "amri ya Mngu" jikoni mwa mama yangu, moyo unaruka.

Ami yangu ni mvuvi. Zamani alikuwa akitupa nyavu karibu na mkondo wa Mkanda na kurudi mapema. Siku hizi anakwenda mbali, na mbali ni petroli, na petroli inaingia kwenye bei ya samaki anayouziwa jirani yake. Mradi wa bandari mpya ya Lamu ulizinduliwa Machi 2012 na marais wawili na waziri mkuu wa Ethiopia wamesimama pale Magogoni, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Katikati ya hapo bahari ilichimbwa, matope yakaenda kwenye matumbawe na mikoko ambako samaki wanazaliana. Wavuvi walikwenda mahakamani, na 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Baada ya hukumu wakaanza safari nyingine, ya rufaa, ya vikao, ya nani yumo kwenye orodha na nani hayumo, ya kiasi gani kitakuwa pesa na kiasi gani kitakuwa vifaa. Miaka ilipita mtu na hukumu yake mkononi. Samaki wa Amu kuwa ghali kwa mtu wa Amu, kisiwa kilichozungukwa na maji pande zote, kuna mtu anaweza kuniambia hilo limeshuka kutoka mbinguni?

Na ardhi je? Mwaka 2014 Serikali yenyewe ilitangaza kufuta hati za karibu ekari nusu milioni katika kaunti hii, zilizokuwa zimegawiwa makampuni. Nusu milioni! Na kuna kijana wa hapa hana pahala pa kujenga chumba kimoja cha kuolea, analipa kodi ya nyumba inayopanda kila mwaka.

Kuna jambo lililotokea wiki chache baada ya kufika kwangu. Mwanamke mmoja alikuja nyumbani, mtu wa heshima, anafanya kazi ya kumtafutia mheshimiwa mmoja watu kabla ya uchaguzi wa 2027. Alileta leso mbili, pakiti za unga, na bahasha ndogo. Mama alimpokea vizuri, akamkaribisha kahawa na halwa, akamuombea mheshimiwa dua. Alipotoka nikamwambia mama kwa adabu, "Mama, hii ni pesa yako. Uliikatwa kwenye sukari, kwenye mafuta, kwenye nauli ya boti. Anakurudishia shilingi moja katika mia, na anakutaka umshukuru." Mama akanyamaza, kisha akaniambia, "Na yule asiyeleta hata hiyo moja?" Sikuwa na jibu la haraka. Umaskini ukifika kiwango fulani, leso ni leso na unga ni unga, na mimi niliyekuja na akiba ya Moroni sina haki ya kumkaripia mtu aliyepokea. Hasira yangu naiweka kwa aliyetuma bahasha.

Nisichokubali ni kuambiwa kwamba watu wa Amu hawawezi. Walikwisha kuweza. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulikuwa uje ujengwe Kwasasi, una pesa, una wakubwa nyuma yake. Wazee, wavuvi, akina mama na vijana wetu wakauliza: mmetushirikisha wapi, moshi utakwenda wapi, maji ya moto mtayamwaga wapi? Juni 2019 jopo la mahakama ya mazingira likafuta leseni, na moja ya sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Na mwaka 2024, nikiwa bado Moroni, nilikesha na simu nikitazama vijana wa Kenya wakiusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakiufasiri kwa lugha za nyumbani kwao, mpaka mkate uliotaka kuongezwa VAT ukawa habari ya kila nyumba. Tarehe 25 Juni waliingia Bungeni, na wengine waliuawa, Mungu awarehemu. Kesho yake Rais Ruto akasema hatatia saini. Majirani zangu Wangazija waliniuliza, "Watu wenu wanaweza kuisoma sheria ya kodi kabla haijapita?" Walistaajabu kweli.

Tunaweza kuisoma. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inatupa haki ya kupata habari zilizoko serikalini. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushirikishwaji wa wananchi katika fedha za umma. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua kila kaunti, ripoti zake ni za umma, na zinapatikana bure mtandaoni. Ndani yake mna malipo yasiyo na stakabadhi, miradi iliyolipwa ikasimama njiani, dawa zilizonunuliwa na zilipofika. Kiingereza chake ni kigumu, ndiyo, lakini mimi nimesomesha Kiingereza maisha yangu yote ya kazi.

Nimepakua ripoti ya kaunti yetu nikaichapisha, nimeanza kuifasiri kwa Kiswahili, sehemu ya afya kwanza, kisha ya maji. Akina mama wawili wa mtaani wamekubali tuisome pamoja uani kwetu baada ya alasiri siku za Jumamosi, na kijana wa duka amesema atakuja na hesabu zake za nauli ya mzigo kutoka Mokowe. Mwenye nafasi aje. Mwenye kujua uhasibu aje haraka zaidi, kuna jedwali kwenye sehemu ya maji ambalo nimelitazama sana na jumla yake hainiingii, na nataka tujue kama ni mimi nisiyeelewa au ni pesa isiyokuwepo, kabla ya kikao cha umma cha bajeti ijayo.