Kisanduku kitupu katikati ya Kilatini

Wanakwaya wa Kisumu na majirani mnaochapa nyimbo za Kigregoriani kwa programu ya Gregorio, hili litawafaa. Juzi mama mmoja wa sauti ya kwanza aliniletea karatasi: “Mwalimu, hapa tunaimba nini?” Neno pœ́na lilikuwa na kisanduku kitupu mahali pa herufi yenye mkazo.

Kumbe ǽ ya sǽcula ina nafasi yake kwenye Unicode (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi ya kompyuta namba yake), U+01FD, lakini œ́ haina. Huundwa kwa œ na alama ya mkazo, U+0301, na si kila fonti inajua kuikalisha juu ya herufi hiyo. Badilisha fonti kwanza kabla ya kulaumu programu. Faili ya gabc, ile unayoandikia wimbo kwa ajili ya Gregorio, ihifadhiwe kwa UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi za Unicode). Kama kibodi inakusumbua, andika <sp>'ae</sp> au <sp>'oe</sp>; <sp>V/</sp> na <sp>R/</sp> hutoa V ya kiongozi na R ya waitikiaji, zile zilizokatwa mshazari.

Kuna anayeniambia niondoe tu mikazo. Sikubali. Wengi wetu hatujui Kilatini, mkazo ndio unaotuongoza.

Wa Kakamega na Bungoma, nyinyi mnatumia fonti gani?