Kozi au membaship? Mimi fundi simu wa Kampala nilivyoamua

Swali hili naulizwa sana na wenzangu wanaofundisha vitu mtandaoni, mmoja keki, mwingine ushonaji, mwingine kuku wa mayai: uuze kozi mtu alipe mara moja mmalizane, ama ufungue membaship watu wawe wanalipa kila mwezi? Wengi wameshaangalia video za Wamarekani huko YouTube wanaambiwa membaship ndo mpango mzima, eti hela inaingia ukiwa umelala. Sa mimi nimefanya zote mbili hapa Kampala na bado nafanya zote mbili, na hela ikiingia nikiwa nimelala ujue kuna fundi wa Mwanza ambaye hajalala na anataka nimjibu.

Kwanza mjue ninachouza. Mimi ni fundi simu, nina meza yangu kwenye akedi moja, yaani jengo la maduka, huku downtown, karibu na Taksi Paki ya zamani. Nimekulia Busia, upande wa Uganda, pale ukivuka tu uko Kenya, kwa hiyo Kiswahili kwangu ni cha nyumbani japo wateja wengi wa Kampala wananiongelesha Kiganda. Ila wale wanaokuja kununua spea kwa mzigo, Wakongo wa Bunia na Butembo, vijana wa Kisumu, watu wa Arua, hao wote ni Kiswahili tu, na hao ndo walianza kuniambia mwalimu tufundishe, tukirudi kule simu zinatushinda. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipopitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi hapa na kifundishwe shuleni, jirani yangu wa meza alicheka akasema leo serikali imekufikia.

Nikaanza na kozi, maana ndo kitu nilichokuwa nakielewa. Ufundi una msingi wake na ule msingi una mwisho: kushika multimita, kujua betri nzima na betri iliyokufa, kubadilisha chaji sistemu, kufungua skrini bila kukata flaksi, ule waya bapa wa ndani, kuflashi, yaani kuweka programu ya simu upya. Hayo ukishayarekodi vizuri umeyarekodi, Tecno ya mwaka juzi na ya mwaka huu chaji sistemu inatolewa vilevile. Nilirekodi usiku akedi ikishafungwa, kwa sababu mchana pale kelele haziishi, mara muuza kava anapiga spika, mara boda wanagombana chini, alafu ile hoteya ya kupuliza hewa ya moto ikiwaka inavuma mpaka sauti yangu haisikiki. Simu moja nimeifunga juu ya maikroskopu na mpira wa ndani wa baiskeli, hiyo ndo studio.

Kozi ina raha yake, nisiwadanganye. Mtu analipa shilingi 80,000 za Uganda, anapata video zake, mmemalizana. Ukiugua wiki nzima hakuna anayekudai kitu. Na kwa huku kwetu kuna jambo moja ambalo wale wa YouTube hawaliongelei kabisa, bando. Toka Julai 2021 data tunaikatwa kodi ya asilimia 12, kabla ya hapo toka 2018 ilikuwa ile ya OTT, shilingi 200 kwa siku ndo ufungue WhatsApp. Kwa hiyo mwanafunzi wangu anaipima video kwa megabaiti kabla hajauliza ina nini ndani. Kozi mtu anaidaunlodi mara moja pale anapopata wifi, basi, anaangalia hata shambani. Nilishusha ubora wa video zote mpaka 480p ziwe nyepesi, nikakata salamu zote za mwanzo, na watu wakaanza kuzimaliza, zamani walikuwa wanaishia ya pili.

Shida ya kozi ni mbili. Ya kwanza video zinasambaa, sikukuu moja nilikuta kozi yangu yote kwenye flashi ya jamaa anayejaza muvi kwenye kibanda, anaiuza pamoja na filamu zilizotafsiriwa na ma-VJ, na bei yake ilikuwa poa kweli kweli banange. Sikugombana naye. Nilimwomba tu aache namba yangu iendelee kuonekana mwishoni mwa video. Ya pili ndo kubwa zaidi: kila mwezi unaanza sifuri. Waliolipa wameshalipa, inabidi utafute watu wapya, na mafundi wapya wanaoongea Kiswahili hawaoti kila Jumatatu.

Watu wananiambia peleka Udemy, lile soko la kozi la mtandaoni. Nilisoma masharti yao vizuri: mwanafunzi akiletwa na link yako mwenyewe unabaki na asilimia 97, ila akijipata mwenyewe kwenye soko lao unabaki na 37, na bei inashushwa kwenye ofa zao. Hiyo bado ningeimeza. Tatizo ni kwamba mnunuzi wangu hana kadi. Yeye ana laini mbili, MTN na Airtel, hela yake yote iko huko. Na mimi hapa Uganda PayPal naweza kutumia kulipa, kupokea ndo haiwezekani. Basi nikajikuta niko na shule ambayo mlango wake ni mobile money, na hilo ndo liliamua karibu kila kitu kilichofuata.

Maana membaship ya Wazungu inasimama juu ya kadi. Mtu anaingiza namba za kadi mara moja, kila mwezi inakatwa yenyewe, mwingine anasahau kabisa kwamba yumo, na hiyo hela ya waliosahau ni hela nzuri tu kwa mwenye websaiti. Sisi mobile money haikatwi yenyewe hivo. Kila mara mtu lazima aingize PIN, yaani kila mwezi anakaa chini anajiuliza, hii 15,000 nampa fundi ama nanunua spea? Nilipoanza membaship ya kila mwezi nikageuka mtu wa kudai madeni, tarehe mosi mpaka tarehe tano niko kwenye simu, kaka vipi, dada vipi, mwezi umeisha. Mwingine anakwambia nipo kwenye gari nitatuma jioni, hiyo jioni haifiki. Na wa Kongo ndo balaa, kutuma kuvuka mpaka kuna makato yake, mwishowe walikuwa wanampa hela mtu anayekuja Kampala kuchukua mzigo, ananiletea mezani bahasha ina majina ya watu wanne na kiasi cha kila mmoja. Hapo hakuna sistemu ya membaship duniani inayojua bahasha.

Sa mtasema basi si ungeacha. Sikuacha kwa sababu niliona watu wanalipia nini hasa, na sio video.

Ngoja niwape mfano. Fundi mmoja wa Butembo anatuma picha saa tatu usiku, simu imekufa, mteja wake ni mwenye duka la dawa na anaitaka kesho asubuhi. Ameunga pawa saplai, ile mashine ya kulisha simu umeme, hajagusa hata batani ya kuwasha, tayari sindano ya ampia imepanda, yaani simu inanyonya umeme ikiwa imezimwa. Nikamwambia hapo una shoti kwenye laini kuu ya betri, usiendelee kubahatisha kubadilisha IC, zile chipu. Weka multimita kwenye betri na graundi, akasema inalia. Haya, chukua rosini, ule utomvu mkavu wa kulehemu, iguse na ayoni ya moto itoe moshi, pitisha boodi juu ya ule moshi mpaka iwe nyeupe kama imemwagiwa unga. Alafu pawa saplai ishushe mpaka volti moja, sio nne, volti moja, peleka kwenye laini ya betri uangalie weupe unayeyuka wapi. Grupu zima kimya tunasubiri. Akatuma picha nyingine, boodi yote nyeupe isipokuwa kinukta kimoja cheusi pembeni ya pawa IC, kikapasita kidogo kama punje ya ulezi. Akakitoa, multimita ikaacha kulia, simu ikawaka bila hata kukirudishia kingine, maana kwenye laini ile vipo vingi vinasaidiana. Mteja alimlipa yule fundi kwa usiku mmoja hela inayozidi anayonilipa mimi kwa mwezi. Na wengine wote waliokuwa wanaangalia, wa Kasese, wa Eldoret, wa Mwanza, wameshajifunza, kesho yake mmoja akaitumia kwenye Itel ikakubali.

Hiyo huwezi kuiweka kwenye kozi. Njia ya rosini nimeifundisha kwenye kozi, ipo, ila kozi haikwambii kwamba sindano uliyoipiga picha saa hizi maana yake ni hii. Na simu mpya hazikomi kutoka, kila toleo lina ugonjwa wake. Kwa hiyo kwangu mimi kitu kinachoisha nakiuza kozi, kisichoisha nakiweka membaship. Mwenzangu wa ushonaji nilimwambia hivyohivyo: kukata sketi kunaisha, fasheni za gomesi, lile vazi la kike la Kiganda, za harusi haziishi. Wa keki nilimwambia abaki na kozi tu, wanafunzi wake wakishajua sponji na aisingi wanataka wateja, hawataki tena mwalimu, atawachosha bure.

Ila kuna bei ya mwili wako mwenyewe, na hii lazima uiweke kwenye hesabu. Membaship ni ajira. Kozi nikilala imelala na mimi, grupu halilali. Mtu akilipa 15,000 anahisi amekununua mpaka ndotoni, anapiga simu saa saba usiku, ukichelewa nusu saa anaandika "mwalimu upo?" na zile alama za kuuliza tano. Na kuna mambo ambayo hayako mikononi mwako. Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima siku kadhaa, na Facebook ilifungwa toka mwezi huo, mpaka mtu atumie VPN. Ukiwa na kozi iliyodaunlodiwa hilo halikusumbui, ukiwa na membaship wale watu wanakudai siku zao. Mi niliweka sharti toka mwanzo kwamba mtandao ukikatika kwangu siku zinasogezwa mbele, na nililiandika kabla mtu hajauliza, kwa sababu wa Kenya na Tanzania wao mtandao unawaka na hawawezi kuelewa umepotelea wapi.

Kwa hiyo nilivyopanga sasa ni hivi. Kozi ya msingi inabaki kama ilivyo, unalipa mara moja. Membaship haingii mtu ambaye hajapita kozi ama hajanionyesha kazi yake, kwa sababu mtu mmoja anayeuliza multimita inashikwaje anawakimbiza mafundi kumi wanaojua. Na hakuna tena malipo ya mwezi, ni miezi mitatu kwa mkupuo, 45,000, inalipwa mwanzo. Yaani badala ya kumfikirisha mtu PIN mara kumi na mbili kwa mwaka namfikirisha mara nne. Wa Kongo bahasha zao zinakuja mara nne pia, hata mbeba bahasha amefurahi. Nilihofia watakimbia bei, wapo waliokimbia, ila waliobaki ni wale wenye kazi mezani kila siku na ndo hao niliokuwa nawataka.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Tuseme una wanachama thelathini, mara 45,000 ni 1,350,000 kwa miezi mitatu, yaani 450,000 kwa mwezi, kabla hujatoa bando, muda wako, na ile kodi ya nusu asilimia ukitoa hela kwa wakala. Hela hiyohiyo kwa kozi ya 80,000 unahitaji wanunuzi wapya kama kumi na saba kila miezi mitatu. Upande wa membaship, tuseme katika kila kumi wawili hawarudi, unatafuta sita tu wa kuziba. Kutafuta sita na kutafuta kumi na saba sio kazi moja. Ila ukiwa na wanachama watano tu usifungue, mtajikuta mnaongea wenyewe kwa wenyewe na wewe umejifunga kila jioni kwa hela ya rolex, ile chapati ya mayai. Jaza kozi kwanza, watu wakianza kukusumbua na maswali baada ya kozi, hao wanaosumbua ndo wanachama wako wa kwanza, wahesabu.

Websaiti nzuri sina. Kozi iko kwenye Moodle, ile programu ya bure ya kuendesha masomo mtandaoni, hiyohiyo chuo cha Makerere wanayotumia kwa MUELE yao, kijana mmoja alinifungia kwenye seva ndogo ya bei rahisi. Membaship iko Telegram kwa sababu mafaili makubwa yanapita na anayeingia leo anaona ya nyuma, WhatsApp anayeingia leo haoni yote ya nyuma. Orodha ya nani amelipa na anaisha lini iko kwenye daftari na kwenye Google Sheets, daftari naliamini zaidi. Jioni saa mbili mpaka saa nne nipo, nje ya hapo fundi mmoja mkongwe wa Arua ananishikia grupu na yeye halipi ada.

Wale wa iPhone sasa wanataka grupu lao peke yao, wanasema boodi zao hazifanani na za Tecno na wako tayari kulipa zaidi. Nimewaambia wasubiri mpaka nipate mtu wa pili wa kushika jioni, maana fundi wa Arua amenitumia ujumbe kwamba kama ni iPhone na yeye anataka posho.