Vitambaa vya bluu vya mto Kochi

Mwaka 2015 nilikuwa praimari siksi Koboko, Uganda, likizo yote tunashinda mto Kochi kutafuta samaki wadogo. Kando ya mto kulikuwa na vitambaa vya bluu vimeshonewa neti nyeusi upande mmoja, vimefungwa kwa vijiti, ukitembea kidogo unakuta kingine. Tulijua ni vya kuua mbung'o, watu wa afya walipita wakatangaza na spika, lakini mimi nikaona ile neti mashallah itanasa samaki vizuri, nikang'oa viwili nikaficha ndani ya shati.

Nyumbani bibi akanikuta nashona. Nikangoja fimbo. Aliuliza tu "umetoa wapi hiyo?" halafu kimya, na bibi yangu si mtu wa kunyamaza jamani.

Yeye aliugua malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, kabla sijazaliwa. Mama anasema mchana alikuwa anasinzia na tonge mkononi, usiku anazunguka uwanjani anaita watu waliokufa zamani. Wakamtoa maji ya uti wa mgongo, kumbe vijidudu vimeshafika kichwani, akachomwa ile dawa ya zamani yenye arseniki, ilikuwa inapita kwa mshipa kama pilipili na wengine iliwaua yenyewe.

Akanioshesha mikono na sabuni mara mbili, maana ile neti ina sumu, tukaenda kurudisha, jua la saa nane na goti lake lile bovu. Njiani ananiambia mbung'o hatagi mayai kama mbu, anazaa mtoto mmoja mmoja, ndo maana ukiua hata wachache wanapungua kweli. Sijui alitoa wapi hayo, labda kwa wale wa spika.

Tulipofika akasema kaa hapa utazame. Mbung'o mmoja akaja akatua kwa kitambaa cha pembeni, mabawa kayalaza moja juu ya lingine kama mkasi uliofungwa, akakaa kidogo akaruka zake.

"Bibi, mbona hajafa?"

"Ameshakufa huyo, hajajua tu."

Kamba nilikuwa nimezikata, akachana ukingo wa leso yake akafungia.

2022 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba malale ya gambiense, hii ya huku kwetu, si tatizo la afya ya jamii tena Uganda. Nikampigia bibi simu mbio mbio. Akaniuliza kama vitambaa bado vipo mtoni.