Mvua ya Uyole

Mwaka 2017 mimi na mchumba wangu tulipanga chumba Uyole, Mbeya, karibu na pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu. Glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho, ilikuwa imeshanimaliza. Presha ya ndani ya jicho huua mshipa wa fahamu taratibu, na ukishakufa haufufuki. Dawa ya matone hulinda kilichobaki, na mimi sikubakiwa na kitu. Hilo nilishalililia likaisha, au ndivyo nilivyokuwa nawaambia watu.

Jioni moja ya mwezi wa tatu nikamsikia mchumba wangu akiongea na mama yake kwenye simu. "Macho yanamsumbua kidogo tu, mama." Kidogo! Nikamwacha akate simu, ndipo nikamuuliza ni lini atawaambia kwao kwamba anaoa mtu asiyeona. Akanuna.

Wanaoona wakinuniana, bado wanaonana. Mgongo umegeuzwa, midomo imevutwa, unajua yupo na kakasirika. Kwangu mimi, mtu akinyamaza hayupo. Siku nyingine ningemnasa kwa pumzi, au kwa kiti cha plastiki kinavyolia akijigeuza, lakini mvua ilishuka kwenye bati, na mvua ya huko mnaijua, hata redio unazima tu. Masikio nayo yakapofuka.

Basi nikaongea. Nikasema kwamba usiku silali. Kwamba akichelewa kidogo kurudi moyo unanienda mbio, viganja vinalowa jasho. Kwamba naogopa yuko nami kwa huruma, maana dukani watu wanamsifu mbele yangu: "Mungu atakulipa, kijana." Hivi kunipenda mimi ni sadaka? Nikayasema yote, machozi yananitoka, nimeelekeza uso kilipo kiti.

Mara baridi ikanipiga miguuni, mlango umefunguliwa. Alikuwa jirani yangu, kaja kuomba kiberiti.

"Dada, unaongea na nani? Shemeji si yuko kwetu jikoni, anaota moto tangu mvua ianze."

Nilitetemeka mpaka yule mama akanivika khanga yake. Hakuuliza zaidi, na kiberiti alikisahau.

Mchumba wangu aliporudi sikumpa nafasi ya kuomba msamaha. Nilimwambia nuna unavyotaka, hata mwezi mzima, ila ukitoka sema natoka, na ukikaa sema nipo. Hayo mengine niliyokiambia kiti nilimrudishia kidogo kidogo, mengine baada ya miezi. Ya mama yake yalichukua muda zaidi, na ni ya familia.

Tulikosana tena baadaye, safari hiyo kwa sababu ya hela ya umeme. Kimya kikaingia, moyo wangu ukaanza vituko vyake.

"Natoka," akasema, kama mtu anayetafuna mawe. "Nimekasirika. Naenda kula chipsi."

"Mayai?"

"Kavu."