Amepatwa na haya tangu lini?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii moyo wangu haukutulia. Jumanne usiku mama mmoja wa jumuiya yetu alinipigia simu, akiongea kwa sauti ya chini ili wa ndani wasimsikie. Akaniuliza, "Mwinjilisti, nikiendelea kumpa mtoto vidonge, Mungu atanihesabia kutokuamini?" Mwanawe ana miaka saba na anaanguka kifafa tangu alipougua malaria kali. Kwenye mkutano wa maombezi ameambiwa kwamba dawa na imani havikai nyumba moja. Vidonge vimebaki vichache na hajui arudi kliniki au avitupe chooni.

Nilimwambia ampe mtoto dawa usiku uleule, kisha tukaomba pamoja kwenye simu. Usingizi haukunijia baada ya hapo, kwa sababu swali lile hakulitunga yeye. Amelipata kwetu sisi tunaoshika kipaza sauti.

Fungueni Marko 9. Tumezoea kukimbilia mstari wa 29, ule wa kuomba, tukauruka wa 21. Kijana ameanguka chini, anagaagaa na kutokwa povu. Waandishi na wanafunzi wametoka kubishana. Yesu anamgeukia baba mtu na kumwuliza, "Amepatwa na haya tangu lini?" Baba anajibu, "Tangu utoto," kisha anamwaga yote yaliyomjaa kifuani: moto, maji, miaka ya kumkimbilia mtoto. Bwana aliyajua hayo kabla hajauliza, lakini alimwachia mzazi nafasi ya kusema.

Na ndilo swali ambalo daktari wa kliniki huanza nalo. Kuanguka kulianza lini? Kunamjia mara ngapi? Alipozaliwa alilia mara moja, au walimhangaikia kwanza? Anauliza hivyo kwa kuwa kifafa kina milango mingi. Kuna mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuna aliyeugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, kuna aliyeumia kichwa, na kuna wengi ambao chanzo chao hakijulikani. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti wameona kifafa kinaandamana na usubi, ule ugonjwa unaoenezwa na vinzi weusi wa mito inayokwenda kasi. Mtu angeweza kuzunguka wilaya nzima akitafuta nani kairoga familia, na kumbe kinzi kiko mtoni.

Maneno "moto na maji" siwezi kuyasoma kwa haraka. Kitindamimba wetu aliangukia kwenye mafiga jioni moja, ugali ukiwa jikoni. Watu wazima walikuwepo uani. Walisogea nyuma, kwa sababu waliamini ukiguswa na povu lake, au hata ile hewa inayomtoka akiwa ameanguka, nawe utaanza kuanguka. Aliyemvuta ni bibi yetu, ambaye macho yake hayakuwa yanaona vizuri, naye alimvuta kwa kumfuata sauti. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimegandana mpaka leo, na vifungo vya shati anafunga kwa mkono wa kushoto. Bibi alimgusa povu, akalifuta kwa kanga yake, akaishi miaka mingi baadaye bila kuanguka hata siku moja. Kifafa hakiambukizi, wapendwa. Mdogo wangu aliungua kwa sababu watu walikuwa na hofu ya kitu kisichokuwepo, na walikuwa watu wa kanisa.

Leo anameza fenobabitoni, dawa ya kifafa, kila usiku, ni miaka sasa hajaanguka, na ana duka lake la sabuni na vocha. Nasema hivi mbele za Bwana: namshukuru Mungu kwa vidonge vile kama ninavyomshukuru kwa mvua.

Sasa niseme na watumishi wenzangu, na mnivumilie. Wazee wetu wa kanisa wanameza dawa za presha kila asubuhi na hakuna anayewaita wasioamini. Kwa nini basi mtoto wa kifafa ndiye ajaribiwe imani yake? Mtaniambia yule wa Marko 9 alikuwa na pepo. Sawa, na Bwana alimkemea. Lakini someni Mathayo 4:24, wenye pepo wametajwa peke yao na wenye kifafa peke yao, na wote waliletwa kwake. Mfalme Hezekia naye aliomba, akapewa ahadi ya miaka 15, na bado Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ombeni, fungeni, wekeni mikono. Ila usimwambie mzazi aache dawa! Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, mtoto anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na wengine hufa hivyo. Ukisema "tupa vidonge" na mtoto akafa, utamwambia nini mama yake siku ya maziko? Kubadilisha dawa au kuipunguza ni kazi ya daktari, na huipunguza polepole. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Wengi wao hawajafikishwa kliniki, na wengine tumewarudisha sisi njiani.

Mtoto akianguka ibadani, usikimbie na usimzunguke kwa kelele. Ondoa benchi na chochote cha kumuumiza, mwekee kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimkandamize. Usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, wala kumnywesha maji, hata ya baraka. Tazama saa. Zikipita dakika tano hajatulia, au akianza tena kabla hajazinduka, tafuteni usafiri wa hospitali, mkiomba njiani. Walimu wa Shule ya Jumapili, nitayarudia haya nanyi baada ya ibada, kwa vitendo, pale kwenye mkeka wa watoto.

Yule mama anarudi kliniki Alhamisi. Nauli ya kwenda na kurudi hana. Mwenye chochote amwone mweka hazina wa umoja wa wanawake, na anayeweza kumsindikiza anipigie, maana akiwa peke yake kwenye basi na mtoto akaanguka, sijui nani atamsogelea.