Nilivyoshuka kutoka V8 hadi gari la viti viwili

Kilichonitoa kwenye lile gari kubwa ni matairi ya nyuma. Nilikuwa nimesimama gereji, mikono nyuma kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, fundi akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa tairi na kunionyesha nyuzi za waya zilizoanza kuchungulia. "Bosi, haya yamekwisha. Na ya mbele yako njiani." Nilikuwa nimefunga mapya miezi 11 iliyopita.

Nikamuuliza kama tunaweza kuhamisha ya mbele yaende nyuma angalau yasogeze siku. Akacheka. Ya mbele yalikuwa na upana wa milimita 255, ya nyuma 285, rimu za inchi 20. Hayabadilishani. Yakiisha yameisha.

Gari lenyewe lilikuwa sedani ya milango minne, V8, yaani injini ya silinda nane, ya lita 4.4 yenye turbo mbili za kuisukumia hewa, nguvu za farasi 560, uzito karibu kilo 1,900. Nililinunua likiwa na miaka sita, na hapo ndipo nilipojidanganya mwenyewe. Bei ya gari la kifahari huporomoka kila mwaka, lakini bei ya spea zake haiporomoki nayo. Unalinunua kwa bei ya gari la kawaida, kisha unalihudumia kama la tajiri aliyelitoa dukani. Diski za breki, shokomzoba za umeme, plagi nane, oili inayoingia kwa madumu: kila kitu kilikuwa bado kinadai heshima ya zamani.

Sikuamua kuuza siku hiyo. Nililipia matairi, nikanuna wiki nzima, halafu nikafanya jambo ambalo nalipendekeza kwa yeyote aliye njia panda kama niliyokuwa: nikaweka daftari dogo mlangoni mwa gari. Kila nilipokanyaga mafuta mpaka mwisho, nikisimama niliandika tarehe na muda niliokanyaga. Baada ya miezi mitatu nikahesabu. Mara 11. Hakuna hata moja iliyozidi sekunde nne, kwa sababu gari lile lilikuwa linafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde nne na ushei. Ukiendelea kukanyaga hapo, unatafuta ama polisi ama jeneza. Kwa hiyo nilikuwa nalisha farasi 560 usiku na mchana ili niwapande kwa sekunde zisizofika 44 katika robo ya mwaka.

Mke wangu alilisoma lile daftari, akauliza swali moja tu: "Na muda mwingine wote ulikuwa unafanya nini?"

Nilikuwa kwenye foleni.

Ugumu wa kuuza haukuwa wa pesa, na sababu yake naona haya kuisema. Mlinzi wa maegesho kazini alikuwa ananiondolea koni kila asubuhi na kunielekeza mahali pa mbele, karibu na mlango. Nilikuwa najiambia napenda injini. Kumbe na ile koni nilikuwa naipenda sana.

Niliuza kwanza, ndipo nikatafuta. Ukiwa na magari mawili mkononi, mnunuzi anaisikia haraka kwenye sauti yako. Nilipanga risiti zote za huduma kwenye faili moja kwa tarehe, nikaandika karatasi ya kasoro ninazozijua, nikaiweka juu kabisa. Watu wawili waliisoma wakaondoka. Wa tatu aliisoma, akaleta fundi wake, akanunua. Sehemu ya fedha ilimaliza mkopo, na baada ya hapo nilikaa wiki sita bila gari langu kwa makusudi, hasira zitulie. Nyumbani lipo gari la mama watoto, kwa hiyo hatukukwama. Nalisema hili mapema kwa sababu kama lile lingekuwa gari pekee la familia, nisingethubutu kabisa kufanya nilichofanya.

Masharti yangu yalikuwa machache: gia ya mkono, injini isiyo na turbo, matairi ya nyuma ndiyo yasukume, uzito usivuke kilo 1,200. Orodha inakuwa fupi haraka. Nikaishia kwenye Mazda MX-5, kigari cha viti viwili kilichooneshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989. Kufikia 2016 vilikuwa vimetengenezwa milioni moja, na kwa mnunuzi wa gari lililotumika wingi huo si sifa tu ya kujivunia. Maana yake spea zipo, na mafundi wamekwisha kufanya makosa yote juu ya magari ya watu wengine.

La kwanza kukagua lilikuwa la kizazi cha kwanza, zile taa zinazoinuka kama macho ya chura. Lilinivuta moyo. Lakini nilikuwa nimesoma kuhusu mifereji yake: paa la turubai lina vijitundu vya kutolea maji ya mvua nyuma ya viti, na vikiziba kwa majani na vumbi, maji hutuama ndani ya vizingiti vya milango na kuvila taratibu. Nilikuja na chupa ya maji. Nikamimina polepole upande wa kushoto, nikainama kuangalia chini, mbele ya tairi la nyuma, ambapo yalitakiwa kutoka. Hayakutoka. Nikabonyeza kizingiti kwa kidole, rangi ikabonyea kama biskuti iliyoloa. Mwenye gari akaangalia pembeni. Tukaagana vizuri.

Nililonunua ni la kizazi cha nne, toleo lililoboreshwa mwaka 2018: lita 2.0, farasi 184, na injini inapanda hadi mizunguko 7,500 kwa dakika. Nililichagua toleo hilo pia kwa sababu mimi ni mrefu. Ya kabla yake usukani ulipanda na kushuka tu, haukuvutika kuja kwa dereva, na magoti yangu yalikuwa yanaugonga.

Hesabu ya karatasini inafurahisha. Nguvu ni theluthi ya lile la zamani, lakini kila tani inabebwa na zaidi ya nusu ya farasi waliobeba tani moja ya lile la zamani, kwa kuwa gari zima lina uzito wa kilo 1,100 hivi. Uzito huo unaonekana hasa kwenye kusimama. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na kilo 800 ambazo hazipo hazihitaji kusimamishwa. Matairi yote manne yana upana mmoja, 205, rimu za inchi 17. Yanahamishika. Nilipomwambia fundi wangu, alinipa mkono.

Wiki ya kwanza niliaibika. Miaka minane ya otomatiki ilikuwa imelilaza usingizi guu langu la kushoto, lile la klachi. Kwenye mlima mmoja, magari matano nyuma yangu, nilizima injini mara mbili, honi zikapigwa kwa zamu. Kisha guu likazoea upya lenyewe. Kuna kona ndefu ya kulia ninayopita kila siku. Kwa V8 niliipita kwa kilomita 60 bila kusikia chochote, kama mtu aliyekaa kwenye sofa. Kwa hili, mwendo ule ule, nagusa kidogo mafuta kwa kisigino nikiwa bado kwenye breki, naingiza gia ya tatu, gari linainama kidogo, linakaa, na usukani unaniambia changarawe ziko wapi.

Silisifii kila kitu. Kwenye safari ndefu lina kelele, simu huwezi kuongea, na buti la lita 130 linameza begi mbili laini basi. Kisanduku cha kawaida cha kwenye dashibodi halina. Tairi la akiba pia halina, kuna dawa ya kuzibia na pampu. Usiku wa mvua, nikiwa nimechoka, lile kubwa nalikumbuka.

Mlinzi siku ya kwanza alinipungia niende kule mwisho, karibu na pikipiki. Aliponitambua akachanganyikiwa, akaomba radhi, akakimbilia koni. Nikamwambia aiache. Wiki iliyofuata aliomba nifungue paa aone linavyokwenda. Ni komeo moja katikati, unalisukuma nyuma kwa mkono mmoja ukiwa umekaa. Alilifungua na kulifunga mara nne.

Daftari nililihamishia humu. Asubuhi ya kwanza niliandika mara tisa kabla sijafika kazini, jioni nikaandika saba, siku ya pili kalamu nikaisahau nyumbani. Sasa limo kwenye kijisanduku cha katikati ya viti, na mna tarehe za kubadilisha oili tu.